Mstari Ardhini

Mwenye ugonjwa wa Parkinson anaweza kutembea vizuri uani, akafika mlangoni, na pale pale miguu ikagoma. Haiumi wala haijafa ganzi. Imekataa tu, kama vile nyayo zimegandishwa sakafuni, huku kiwiliwili kikiendelea kwenda mbele. Wengi huanguka hapo. Sasa mwekee fimbo chini, mbele ya vidole vyake, umwambie aivuke. Mara nyingi atainua mguu na kuivuka bila shida, hatua ya pili itafuata na ya tatu pia, mpaka afike kwenye kiti chake.

Kioja hicho cha fimbo kimewashughulisha matabibu kwa muda mrefu. Kimepita London na Seattle, kikafika kwenye vihamba vya Wachaga chini ya Kilimanjaro, na leo kinaishi ndani ya miwani na skrini zinazomtembeza mgonjwa katika njia ambazo hazipo. Ni hadithi inayofaa kusimuliwa Kiwanja, mji ulio ubavuni mwa Rutshuru, kilomita zipatazo 70 kaskazini mwa Goma. Kwa Mswahili yeyote, kiwanja ni ardhi iliyosafishwa, tayari kupigwa mistari ya chokaa ili watu wacheze.

1817: Wagonjwa sita

Tarehe 11 Aprili 1755 alizaliwa James Parkinson, ambaye baadaye alikuwa tabibu wa mtaa wa Hoxton, London. Alikuwa mtu wa mambo mengi: alikusanya visukuku, aliandika vijitabu vya siasa vilivyowakera wakubwa, na jioni aliwatibu maskini. Mwaka 1817 alichapisha kitabu chembamba kuhusu kile alichokiita kupooza kwa kutetemeka. Kilikuwa na wagonjwa sita tu. Baadhi yao hakuwahi kuwapima. Aliwaona njiani wakipita, na mmoja alimtazama kwa mbali.

Kwa hiyo ugonjwa huu uligunduliwa barabarani, kwa kutazama mwendo wa watu. Parkinson aliona mkono unaotetemeka ukiwa umepumzika, mgongo uliopinda, na hatua fupifupi zinazoongeza kasi kana kwamba mtu anaufukuza mwili wake mwenyewe. Dawa hakuwa nayo. Alifikiri chanzo kiko kwenye uti wa mgongo, shingoni, na hapo alikosea. Ila macho yake hayakukosea.

Kiti cha Charcot

Nusu karne baadaye, katika hospitali ya Salpêtrière mjini Paris, Jean-Martin Charcot alikisoma tena kitabu kile kilichokuwa kimesahaulika. Alitambua kwamba si kila mgonjwa hutetemeka: wapo wanaokakamaa tu, wakawa wazito kama watu waliotiwa ndani ya gogo. Ndiyo maana hakulipenda jina la kupooza kwa kutetemeka. Akapendekeza uitwe kwa jina la Parkinson, na jina likashika.

Charcot alisikia pia jambo la ajabu kutoka kwa wagonjwa wake. Waliokuja Paris kwa treni au kwa gari la farasi, wakirushwarushwa njia nzima, walishuka wakijiona wepesi kuliko walivyopanda. Basi akaamuru kitengenezwe kiti kinachotikisika kwa nguvu, na mwaka 1892 akakizungumzia darasani kama tiba. Kama kutikiswa kungetosha, abiria wa pikipiki wanaopanda na kushuka kati ya Goma na Kiwanja wangekuwa watu wenye mwendo mzuri kuliko wote duniani. Mwaka 2012 madaktari wa Chicago walijaribu upya kiti cha aina hiyo kwa wagonjwa 23. Waliotikiswa walipata nafuu. Waliokalishwa kwenye kiti hicho hicho, wakasikilizishwa sauti bila kutikiswa, nao walipata nafuu ile ile.

Hata hivyo Charcot alikuwa na wazo lililotangulia wakati wake, kwamba mwili wa mgonjwa huyu unaweza kusaidiwa na kitu kinachotoka nje. Wenzake wengi hawakufika huko. William Gowers, bingwa wa mishipa ya fahamu wa Uingereza, alishauri mwishoni mwa miaka ya 1880 kwamba mgonjwa aishi kwa utulivu, mbali na kazi na mahangaiko. Ushauri huo wa kupumzika ulidumu karibu miaka 100, na uliwadhuru wengi, maana mwili wenye Parkinson ukikalishwa huganda upesi zaidi.

Mzizi, sungura na kidonge

Mwaka 1952 wanakemia wa kampuni ya Ciba, Uswisi, walitoa dutu iitwayo reserpini kutoka katika mzizi wa mmea wa Kihindi, Rauvolfia serpentina. Ilishusha shinikizo la damu na kutuliza wenye wazimu. Viwanda vilipohitaji mizizi mingi zaidi, vilimgeukia ndugu wa mmea huo, Rauvolfia vomitoria, anayeota katika misitu ya Kongo, na mizizi yake ikachimbwa na kusafirishwa Ulaya kwa magunia.

Reserpini hiyo ndiyo iliyofungua fumbo la Parkinson. Mwaka 1957, nchini Sweden, Arvid Carlsson aliwachoma sungura sindano ya reserpini. Wakalala kama mazulia, masikio chini, hawawezi kujisogeza. Kisha akawachoma levodopa, malighafi ambayo ubongo hutumia kutengeneza kemikali ya dopamini, na muda si mrefu wakainuka. Miaka mitatu baadaye Herbert Ehringer na Oleh Hornykiewicz wa Vienna walipima ubongo wa watu waliokufa na Parkinson, wakakuta dopamini karibu imetoweka. Mwaka 1967 George Cotzias, Marekani, alionyesha kwamba levodopa ikimezwa kwa kipimo kinachoongezwa taratibu humrudisha mgonjwa kwenye miguu yake. Carlsson alipata tuzo ya Nobel mwaka 2000.

Levodopa bado ndiyo dawa kuu. Inapatikana hata katika mbegu za upupu, ule ule unaowafanya watoto wajikune mpaka walie, na kuna watafiti wanaoupima kama mbadala kwa nchi ambako vidonge ni adimu. Mtu asijichemshie upupu nyumbani kwa kusoma hapa: kipimo ndicho chenye hatari.

Kidonge kilileta furaha kubwa na kikafunika mambo mengine. Kwa miaka mingi daktari aliandika dawa, mgonjwa akaenda nyumbani. Tatizo ni kwamba kuganda mlangoni na kuanguka ni vitu ambavyo dawa mara nyingi haivimalizi, na kadiri miaka inavyopita ndivyo vinavyozidi.

Mistari ya Purdon Martin

Mwaka ule ule wa 1967, wakati dunia ya tiba ikishangilia levodopa, daktari mzee wa London, James Purdon Martin, alichapisha kitabu kuhusu ubongo na namna mwili unavyojisimamisha. Kwa miaka mingi alikuwa ameishi karibu na wagonjwa waliobaki na dalili za Parkinson baada ya homa ya ubongo ya miaka ya 1920. Aliona kwamba mgonjwa asiyeweza kupiga hatua kwenye sakafu tupu aliweza kutembea ikiwa sakafu imechorwa mistari ya kukingama njia yake. Mistari iliyolala sambamba na njia haikufaa kitu. Ilibidi imkate mbele, awe na kitu cha kuvuka.

Maelezo ya jambo hilo yalikuja kidogo kidogo. Mtu mzima hafikirii jinsi ya kutembea. Akitoka sokoni na mzigo kichwani, huku akijibu salamu na kuchunga mtoto, miguu yake inaendeshwa na sehemu za ndani kabisa za ubongo ambazo zimeshazoea kazi hiyo. Hizo ndizo zinazoharibiwa na Parkinson. Ila kuna njia nyingine, ya mtu anayevuka mto kwa kukanyaga jiwe baada ya jiwe: macho yanaona, akili inaamua, mguu unatii. Njia hiyo hubaki nzima kwa muda mrefu. Mstari sakafuni unamtoa mgonjwa kwenye barabara iliyobomoka na kumpitisha kwenye kichochoro ambacho bado kinapitika.

Sikio nalo lina kichochoro chake. Mwaka 1996 Michael Thaut na wenzake huko Colorado walionyesha kwamba wagonjwa waliofanya mazoezi ya kutembea kwa wiki tatu wakifuata mdundo walirefusha hatua na kuongeza kasi. Kwa watu wa Kongo, ambao rumba yao iliingizwa na UNESCO mwaka 2021 katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu, habari kwamba mdundo huinua miguu haihitaji maabara. Hata hivyo ilihitaji kupimwa, na ilipimwa. Mwaka 2007 ukatoka utafiti uitwao RESCUE, wa wagonjwa 153 katika Uingereza, Ubelgiji na Uholanzi. Kwa wiki tatu walifundishwa majumbani mwao kutembea kwa kufuata viashiria vya mwanga, mlio au mtikisiko wa kifaa kidogo. Mwendo ulinyooka. Mafunzo yaliposimama, faida ikaanza kuyeyuka.

Mmoja wa watafiti wa RESCUE alikuwa Lynn Rochester wa Newcastle. Jina hilo litarudi.

Bondia wa Kinshasa na baiskeli ya Mholanzi

Usiku wa kuamkia tarehe 30 Oktoba 1974, Kinshasa nzima ilikuwa macho. Muhammad Ali aliegemea kamba, akamwacha George Foreman ajichoshe kwa ngumi, na katika raundi ya nane akamwangusha. Miaka 10 baadaye, 1984, Ali aliambiwa ana dalili za Parkinson. Mwaka 1996 dunia iliuona mkono wake ukitetemeka alipowasha mwenge wa Olimpiki Atlanta. Alifariki Juni 2016. Ni kiasi gani cha maradhi yake kilitokana na ngumi za kichwani, wataalamu wamebishana sana.

Jambo la kuchekesha, kama linachekesha, ni kwamba ndondi ilirudi kama mazoezi. Mwaka 2006, huko Indianapolis, mwanasheria Scott Newman aliyekuwa na Parkinson alianzisha pamoja na wenzake klabu ya wagonjwa wanaopiga mifuko ya mchanga bila kupigana: Rock Steady Boxing. Mtu anarusha ngumi, anazungusha kiuno, anahesabu kwa sauti kubwa, anarudi nyuma bila kuanguka. Karibu kila anachofanya ni kitu ambacho ugonjwa unamnyang'anya.

Mwaka 2010 daktari Bastiaan Bloem na mwenzake Anke Snijders wa Nijmegen, Uholanzi, waliandika habari za mtu wa miaka 58 aliyeugua kwa miaka 10. Akisimama, hatua chache tu na miguu ilikuwa inaganda, akaanguka. Wakamweka juu ya baiskeli. Akaondoka nayo, akakata kona, akarudi. Alipoteremka, akaganda tena. Pedali zinazozunguka zilikuwa zimempa mguu wake mdundo wa kufuata.

Goma haina haja ya kusimuliwa habari za vyombo vya kusukuma kwa mguu. Chukudu, pikipiki ya mbao isiyo na injini wala pedali, imebeba makabichi, makaa na viazi vya Kivu kwa miongo, na imechongewa sanamu katikati ya mji. Anayeiendesha huweka goti juu ya ubao na kusukuma ardhi kwa mguu mwingine, hatua ndefu yenye mapigo sawasawa. Si chombo cha kumpa mgonjwa mwenye mizani mbovu. Ila ukitaka kuona mwendo ambao Parkinson huuiba, simama pembezoni mwa barabara utazame vijana wa chukudu.

Kisha wazo la Gowers la kumpumzisha mgonjwa likafa. Mwaka 2018 utafiti wa Marekani uliohusisha watu 128 ulionyesha kwamba mazoezi ya nguvu kwenye mashine ya kukimbilia yalizuia dalili za mwili zisizidi kwa miezi sita, huku waliokaa bila kufanya wakirudi nyuma. Mwaka uliofuata timu ya Bloem iliwapa wagonjwa baiskeli za kusimama nyumbani, zenye skrini na michezo ya kuwatia hamu. Matokeo yakawa ya upande ule ule.

Hai, 2005–2010

Wakati hayo yakiendelea Ulaya, swali la Afrika lilikuwa la mwanzo kabisa: je, wagonjwa wapo, na ni wangapi?

Wilaya ya Hai, kwenye miteremko ya kusini na magharibi ya Kilimanjaro, ilikuwa na kitu ambacho wilaya chache za Afrika zilikuwa nacho. Tangu miaka ya 1990 mradi wa kufuatilia vifo na maradhi ya watu wazima ulikuwa umewafundisha makarani wa vijijini kuhesabu watu nyumba kwa nyumba. Njia wanazijua, mbwa wanawajua, na wenye nyumba huwafungulia mlango. Daktari wa wazee Richard Walker, kutoka kaskazini-mashariki mwa Uingereza, alikuwa amefanya kazi na mradi huo kwenye utafiti wa kiharusi. Mwenzake Catherine Dotchin, pamoja na madaktari na wauguzi wa Tanzania, akaja kutafuta Parkinson.

Makarani walipita kwenye migomba na kahawa na karatasi ya maswali: kuna mtu hapa anayetetemeka, anayetembea kwa kuburuta, ambaye mwandiko au sauti imekuwa ndogo? Kila aliyetiliwa shaka alipimwa na daktari. Katika watu 161,071 walipatikana wagonjwa 33: wanaume 23 na wanawake 10. Ni idadi ndogo ukilinganisha na Ulaya, hata ukizingatia kwamba Hai ina vijana wengi. Huenda wengi walikuwa wameshafariki kabla ya kuhesabiwa. Ila kilichowashtua watafiti ni kwamba zaidi ya robo tatu ya hao 33 hawakuwa wamewahi kuambiwa na mtu yeyote kwamba wanaumwa ugonjwa wenye jina. Matokeo yalichapishwa 2008.

Watafiti walipokaa na wagonjwa, ndugu zao, waganga wa jadi na watumishi wa zahanati, walikuta ugonjwa unaitwa kwa jinsi unavyoonekana: ugonjwa wa kutetemeka. Wengine waliuona kama uzee, wengine kama laana au kazi ya mtu mbaya. Mtu anayetetemeka kanisani huweza kuacha kwenda. Mwingine huweza kulishwa na wajukuu kwa sababu kijiko hakifiki mdomoni. Dawa, kwa wachache waliokuwa wameandikiwa, ilikuwa mbali na ghali.

Ndipo Lynn Rochester akaingia tena, na hapa ndipo hadithi hii inapopata uzito wake. Ulaya ni nadra kupata mgonjwa wa kupima mazoezi ambaye hajameza dawa. Karibu kila mmoja ana levodopa damuni, na huwezi kutenganisha kazi ya kidonge na kazi ya mstari. Hai, kwa sababu ya ukosefu ambao hakuna mtu wa kujivunia, kulikuwa na watu ambao hawajawahi kuionja dawa hiyo. Rochester na wenzake, wakiwemo Watanzania, waliwachukua 21 kati yao. Kwa wiki tatu kila mmoja alipata vipindi tisa vya nusu saa vya kutembea kwa kufuata viashiria: kwanza kutembea tu, kisha kutembea huku anafanya jambo jingine, kama ilivyo maishani ambako hakuna anayetembea bila kufikiri chochote.

Baadaye walipimwa. Walitembea kwa kasi zaidi na kwa hatua ndefu zaidi, si kwenye kutembea peke yake tu bali hata walipopewa kazi ya pili ya kufanya. Mwili uliokuwa umesahau ulikumbuka bila dopamini ya kununua. Makala ilitoka mwaka 2010.

Mtu anaweza kusoma matokeo hayo kwa namna ya hatari, akasema basi Waafrika hawahitaji dawa, wapewe mistari. Hiyo ni fikra ya kipumbavu. Timu hiyo hiyo iliwaanzishia wagonjwa wa Hai levodopa na kuwafuata kwa miaka. Hai ilionyesha kitu tofauti: kwamba siku ambayo dawa haipo, au imekwisha, au daladala ya kwenda kuichukua imekwama, bado kuna la kufanya, na kwamba mazoezi hayo huanza kazi ndani ya wiki tatu.

Kutoka chaki hadi miwani

Kabla ya Hai, katikati ya miaka ya 1990, tabibu wa miguu wa California, Tom Riess, ambaye mwenyewe alikuwa na Parkinson, alikuwa ameona kwamba vitu vilivyopangwa chini mbele yake vilimwezesha kutembea. Hakuweza kupanga vitu barabara nzima. Akaenda Seattle, kwa Suzanne Weghorst na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington, wakatengeneza miwani inayochora mistari mbele ya macho yake popote anapokwenda. Anatembea kwenye lami tupu. Yeye anaona ngazi za mwanga. Fimbo ya mlangoni ilikuwa imeingia ndani ya kioo.

Teknolojia hiyo, ambayo Kiswahili sasa huita uhalisia pepe, ilibaki ghali na nzito mpaka michezo ya watoto ilipoishusha bei. Wii ya Nintendo ilitoka 2006 na ubao wake wa kupima mizani ukafuata. Kinect ya Microsoft, kamera inayosoma mwili mzima, ilitoka 2010. Wataalamu wa viungo walivinunua madukani kama wazazi wengine na kuwasimamisha wazee mbele ya televisheni.

Jaribio kubwa lilifanywa chini ya uongozi wa Anat Mirelman na Jeffrey Hausdorff wa Tel Aviv, katika nchi tano: Israel, Ubelgiji, Italia, Uholanzi na Uingereza. Mtafiti mkuu wa upande wa Uingereza alikuwa Lynn Rochester, yule yule wa Hai. Wazee 302 waliokuwa wakianguka mara kwa mara, 130 kati yao wakiwa na Parkinson, waligawanywa. Wote walitembea kwenye mashine mara tatu kwa wiki kwa wiki sita. Nusu yao walikuwa na skrini mbele yao: kamera inasoma miguu yao, na miguu hiyo inaonekana ikitembea kwenye njia yenye vizuizi vya kuvuka, madimbwi, na makutano ya kuchagua pa kwenda. Ukikanyaga pasipofaa, skrini inakuambia.

Hesabu zilichapishwa mwaka 2016. Kabla ya mafunzo, waliopata skrini walikuwa wakianguka wastani wa mara 11.9 kwa miezi sita. Baada ya mafunzo, mara 6. Waliotembea bila skrini walitoka 10.7 hadi 8.3. Kutembea peke yake kulisaidia. Kutembea huku akili inafanyishwa kazi kulisaidia zaidi, na waliofaidika waziwazi walikuwa wenye Parkinson.

Lakini wapimaji wa shirika la Cochrane, walipokusanya mwaka huo huo majaribio manane yenye watu 263, walikuta tofauti ndogo kuliko matangazo ya wauzaji. Michezo ya uhalisia pepe ilirefusha hatua zaidi kidogo. Katika mengine mengi ililingana na fiziotherapia ya kawaida. Mwaka 2023 Cochrane walirudi na mzigo mkubwa zaidi, majaribio 156 ya mazoezi ya kila aina, dansi, maji, mashine, yoga, nguvu. Karibu aina zote zilisaidia. Hakukuwa na ushahidi imara kwamba moja inazishinda nyingine kwa mbali.

Kwa hiyo miwani haikuleta tiba mpya. Imelichukua wazo la Purdon Martin, ikaliongezea changamoto, alama za ushindi na hamu ya kurudi kesho. Hamu hiyo si jambo dogo kwa ugonjwa unaoua hata hamu. Lakini msingi umebaki ule ule: kitu cha kuvuka, kazi ya pili kichwani, na kurudia.

Kiwanja

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2019 watu zaidi ya milioni 8.5 waliishi na Parkinson, mara mbili ya idadi ya robo karne iliyotangulia. Kuanzia 2022 Walker na wenzake wameongoza mradi wa nchi saba za Afrika, zikiwemo Kenya, Tanzania na Ethiopia. Kongo haimo. Kivu ya Kaskazini imekuwa na habari nyingine za kuandikwa: mauaji ya Novemba 2008 hapo Kiwanja, ambapo watu wapatao 150 waliuawa, waasi wa M23 kuuchukua mji tena Oktoba 2022, Goma yenyewe kuanguka Januari 2025 na kiwanja cha ndege kufungwa. Mzee anayetetemeka katika kambi ya waliokimbia huonekana ni mwenye hofu au njaa tu.

Ila vita hivyo hivyo viliacha kitu. Kwa sababu ya risasi, mabomu ya ardhini na polio, Goma ina watu wanaojua kumrudisha mtu kwenye miguu yake. Kituo cha Shirika la Umoja, kinachosaidiwa na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, kimewatengenezea watu miguu ya bandia na kuwafundisha kutembea upya kati ya vyuma viwili sambamba. Wataalamu wa viungo, ambao mjini huitwa kwa mkato wa Kifaransa kine, wanajua kuhesabu hatua, kushika kiuno, kusubiri. Mgonjwa wa Parkinson anahitaji ujuzi huo huo, ukiongezewa mistari.

Kazi yenyewe haina siri. Ua unafagiwa. Mistari ya chokaa au majivu inapigwa kukingama njia, umbali wa hatua moja nzuri ya mgonjwa, kama 10 hivi, halafu mingine mlangoni na karibu na choo, pale anapoganda. Mtu mmoja anatembea kando yake, si mbele, na hamvuti mkono. Anapiga makofi kwa mapigo sawasawa au anaimba. Mgonjwa anavuka mistari, anageuka kwa duara kubwa badala ya kujizungusha papo kwa papo, anarudi. Akishazoea, anapewa kikombe cha maji abebe, au anaulizwa majina ya wajukuu kuanzia mdogo. Akipata kizunguzungu, anakaa. Mwenye dawa aendelee nayo, na afanye mazoezi saa ambayo imeshaanza kufanya kazi.

Nusu saa, mara tatu kwa wiki, kwa wiki tatu: hicho ndicho kipimo kilichotumika Hai, na baada ya hapo mistari isifutwe.